Mama wa Kinanda na Karatasi Zake

Mimi ni fundi cherehani, na sauti yangu ya kuimba haina tofauti kubwa na cherehani iliyokaukiwa mafuta. Kiongozi wa kwaya yetu, tuliyemwita maestro, alinivumilia muda mrefu. Siku moja baada ya mazoezi aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba katika nyumba ya Mungu kazi ni nyingi, si kuimba peke yake. Kazi aliyonipa ilikuwa kukaa kushoto kwa mama aliyepiga kinanda na kumfunulia kurasa. Nilinuna wiki nzima. Nilipoacha kununa nikagundua kwamba parokia nzima haikuwa na kiti kizuri kuliko kile, na nilikikalia miaka hadi mvi zikaanza kunitoka.

Kwetu Nyamianda, mtaa wa kando ya ziwa, jina la mama huyo halikutumika. Alikuwa Mama wa Kinanda kwa wakubwa, kwa wadogo na kwa padri mwenyewe, na hata muuza sabuni alimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mrefu, kilemba amekifunga hadi juu ya nyusi, na viatu vya kamba alivyovivua kila alipokaa kupiga, maana alisema mguu uliofungwa hausikii kitu. Mavazi yake nilishona mimi, kwa hiyo naweza kusema bila woga kwamba hakujua lolote kuhusu nguo. Ukimpa kitambaa kizuri aliomba mikono iwe mifupi ili isiguse kinanda, na hayo ndiyo yalikuwa maoni yake yote.

Watu walimwona ana majivuno, na sababu yao naielewa. Huku kwetu kwaya huimba kwa kichwa. Wimbo unafundishwa mstari kwa mstari, unaingia mwilini, siku ya sikukuu watu wanacheza, wanapunga vitambaa, wanaangaliana na kuchekeana. Katikati ya furaha hiyo yote ameketi mwanamke mmoja, uso umeganda, macho hayatoki kwenye karatasi za muziki, zile tunazoziita partisyo. Hakutabasamu. Hakuwatazama waumini hata walipompigia makofi. Wimbo ukiisha alikusanya karatasi zake, akavaa viatu, akapita mlango wa nyuma.

Kijana mmoja wa kwaya ya Kalundu, mpiga gitaa, alimchokoza siku moja mbele yetu. Alimwambia mpiga muziki wa kweli ana muziki kichwani.

«Kichwa yangu iko na mambo mingi, mwana wangu,» Mama alimjibu huku akinoa penseli yake kwa wembe. «Hii karatasi iko na jambo moja tu.»

Na kweli kichwa chake kilikuwa na mambo mengi, na mengi kati ya hayo yalipotea humo. Alisahau sufuria motoni. Alikwenda soko la Mulongwe kununua chumvi akarudi na kandambili. Namba ya simu yake mwenyewe alikuwa akiniuliza mimi. Wimbo wa kuingilia misa, ambao tuliuimba tangu sijaoa, ulimshinda kabisa siku aliposahau mfuko wa karatasi nyumbani. Alipiga mstari wa kwanza, akaingia wa pili, akakwama. Lakini mwekee mbele karatasi ambayo hajawahi kuiona, mpe muda wa kuipitia kwa macho huku midomo ikitembea polepole, kisha mwambie apige mbele ya watu wa mitaa yote. Atapiga, na hutajua kwamba yeye na karatasi hiyo wameonana leo tu.

Nilitaka sana kujua anafanyaje, nikawa namchunguza. Mwanzoni nilikuwa nafunua ukurasa mikono yake ilipofika mwisho wa ukurasa, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kila mara alinipiga goti kwa goti lake. Baada ya misa aliniketisha.

«Fundi, weye unaangalia mukono yangu. Usiangalie mukono. Angalia kichwa. Nikitikisa kichwa, unafunua.»

«Lakini Mama, unatikisa kichwa na mustari muzima iko bado!»

«Ile mustari nimeshaisoma. Iko mu mukono sasa, inashuka yenyewe. Jicho iko mbele, mukono iko nyuma. Vikikuwa pamoja, fasi moja, njo unapotea.»

Niliporudi kwenye cherehani yangu nikaona kwamba nami nafanya vilevile. Ukishona mshono mrefu huangalii sindano, unaangalia kitambaa kinachokuja. Nilimweleza hivyo Jumapili iliyofuata nikidhani atafurahi. Akasema ndiyo, halafu akaniuliza kama nimenawa mikono, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinaacha mafuta ya cherehani kwenye kona za kurasa zake.

Kona hizo zilikuwa na utaratibu wake. Kila ukurasa ulikunjwa kidogo chini ili kidole kiupate bila kutafuta. Karatasi zenyewe hakuzitumia zilivyokuja. Alizinakili upya kwa mkono wake, noti kubwa zenye kupumua, kisha akazibandika kwenye makaratasi magumu ya katoni za sabuni. Wageni walidhani ni umaskini. Ukweli ni kwamba tangu maji ya ziwa yalipoingia kanisa la zamani, sikukuu zetu kubwa tulizifanya nje, kwenye jukwaa la mbao, na upepo wa ziwa hauna adabu kwa karatasi nyepesi. Juu ya katoni aliweka na vibanio vya nguo, viwili juu, viwili chini. Rangi ya kahawia ya katoni ilimsaidia pia, maana kwetu jua la asubuhi linapanda upande wa ziwa na kupiga karatasi nyeupe hadi noti zinayeyuka. Kabla ya sikukuu yoyote alikuja jukwaani siku iliyotangulia, saa ileile ya misa, akakaa kwenye kiti, akanyoosha shingo huku na huku, halafu akatuamuru tusogeze kinanda kidogo. Tulisogeza. Akakaa tena. Tukasogeza tena, maestro akiguna.

Kwa penseli alikuwa bahili. Mahali pagumu aliweka duara dogo, mahali pa kuvuta pumzi alama moja ya mkwaju, basi. Mimi niliyependa kusaidia nilimchorea mishale ya rangi kwenye wimbo mmoja wa Pasaka. Aliitazama, akanirudishia, akaniomba nimnunulie kifutio.

«Ukiandika kila fasi, jicho itaangalia wapi?»

Na alipokosea, maana alikosea kama watu wote, uso wake haukubadilika. Mimi niliyekaa pembeni nilisikia kidole kimeangukia pasipo pake, nikakunja uso kwa niaba yake, na yeye alikuwa ameshafika mbali. Alinikataza kukunja uso. Alisema watu hawasikii kosa, wanaliona, na wanaliona usoni mwangu.

Kuna jambo moja lililomshinda nguvu mara moja tu, na ni mapenzi ya watu. Kwetu mpiga muziki akikufurahisha hukai na furaha yako. Unasimama, unakwenda ukicheza hadi mbele, unamtunza: unamvika kitenge, unamfuta jasho. Mwaka mmoja kwaya ya Rurambo ilishuka kutoka milimani kuimba pamoja nasi, na wale watu wanajua kukanyaga mbao, jukwaa lote lilikuwa linaruka. Mama mmoja mnene, mwenye furaha isiyo na breki, akapanda jukwaani akicheza, akafungua kitenge kipya, akamfunika nacho Mama wa Kinanda kichwa, mabega, na karatasi zote. Nakiri kwamba mimi kwanza nilitazama kitenge, kilikuwa cha nta nzuri isiyochuja rangi. Nilipozinduka kinanda kilikuwa kimenyamaza. Kwaya iliendelea kuimba bila yeye. Akajitoa chini ya kile kitambaa polepole, akakikunja ncha kwa ncha, akaniwekea mapajani, akainamisha kichwa kusikiliza maneno waliyofikia waimbaji, macho yake yakashuka kwenye ukurasa, yakapata mahali, akaingia. Watu walipiga vigelegele wakidhani ilipangwa.

Tangu siku hiyo kazi yangu iliongezeka. Mtu yeyote aliyekuja akicheza na kitenge nilisimama nikampokea njiani, nikakichukua mimi. Maneno yakaenea mtaani kwamba fundi wa Nyamianda anakula vitenge vya Mama wa Kinanda. Mke wangu aliyasikia sokoni.

Nilikaa kando yake muda mrefu kabla sijajua kilichokuwa ndani ya ule uso ulioganda. Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya parokia, tumekaa nyuma ya jukwaa, watu wanaanza kujaa. Nilimpa mfuko wa karatasi, mkono wangu ukagusa wake. Ulikuwa baridi kama umetoka majini.

«Mama, unagonjwa?»

«Hapana. Niambie habari ya vifungo.»

«Vifungo gani?»

«Vyovyote. Sema tu, Fundi, nisikie sauti.»

Nikaanza kumweleza habari za vifungo vya shati na vya koti, na kwa nini vya chuma si vizuri kwa sare ya shule. Alisikiliza kama ni somo la misa. Nilipoishiwa na vifungo akasema bila kunitazama:

«Minye naogopa watu. Tangu zamani. Nikiona macho yao, mukono inakufa. Nikiangalia karatasi, ni kama niko mu nyumba yangu na nimefunga mulango. Inje wafanye kelele yao, minye niko ndani.»

Nilimhurumia. Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yake. Mtu aliyeogopa watu kiasi kile alikuwa akipanda mbele yao kila Jumapili, na kilichomlinda kilikuwa katoni ya sabuni na vibanio. Hakuniomba nifiche, ila sikumwambia mtu. Nilichobadilisha ni kwamba kila sikukuu nilifika mapema nikiwa na habari za nyuzi, zipu na pindo.

Sasa unaweza kuelewa kwa nini niliogopa macho yake yalipoanza kumwacha.

Mwanzo nilidhani ni uzee wa kawaida, maana alinunua miwani, akanunua nyingine. Noti alizonakili zikawa kubwa zaidi, na kurasa zikawa nyingi, hadi nikawa nafunua bila kupumzika kama mtu anayepepea makaa. Alisogeza kinara cha karatasi karibu, kisha karibu zaidi, kilemba chake kikawa kinagusa katoni. Aliilaumu penseli, akalaumu taa ya sola, akalaumu katoni za siku hizi. Ishara ya kichwa ilianza kuchelewa. Jicho lililokuwa linatangulia mkono sasa lilitembea nao sambamba, na siku nyingine mkono ulilisubiri.

Halafu, kwenye mazoezi ya sikukuu fulani, alianza kupiga wimbo na mimi nikaona kwamba ukurasa ulio mbele yake si wa wimbo ule. Nilikuwa nimekosea kupanga, nikanyoosha mkono kurekebisha. Yeye aliendelea kupiga, macho yake kwenye ukurasa usio wake, akipapasa wimbo kwa kukumbuka, na alipokwama aliacha, akaweka mikono mapajani. Waimbaji walinyamaza. Nikamwinamia.

«Mama, unaona?»

«Ukungu,» alisema. «Yote iko ukungu.»

Muuguzi wa kituo cha afya alimmulika na tochi akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba waganga wa macho hupita mjini mara kwa mara, wanafanya operesheni, mtu anaona tena. Mama alikataa. Alisema hataki kisu karibu na jicho. Maestro alimbembeleza, padri alimbembeleza, mimi nilimletea mwanamke wa mtaa wetu aliyepona. Alimkaribisha chai, akamshukuru, akakataa. Jumapili moja hakuja. Tukasikia binti yake amemchukua kwake Makobola.

Kinanda akapewa kijana mmoja wa kwaya yetu. Anapiga kwa kichwa, anapiga vizuri, nisimwonee. Ila hana kurasa, na mimi nilirudi kukaa na waumini, mahali ambapo nikiimba watu wa benchi la mbele hugeuka.

Kiangazi hiki ilitangazwa kanisani kwamba waganga wa macho wamefika hospitalini, watakaa hadi mwisho wa wiki. Kesho yake nilifunga karakana, nikapanda moto, pikipiki niliyoikodi na dereva wake kwenda na kurudi, hadi Makobola. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba karatasi zake zipo, nimezitunza mahali pakavu, kwamba akikubali nitakaa kushoto kwake tena na watu watakuwa nje ya mlango kama zamani. Niliyaona ni maneno yasiyokatalika.

Nilimkuta binti yake anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kando ya nyumba.

«Mama haiko,» aliniambia. «Iko mu kanisa, anapiga kinanda.»

«Anapiga namna gani? Na macho?»

«Papa, minye najua? Enda umuone.»

Kanisa lenyewe ni chumba cha mabati juu kidogo ya barabara ya Fizi. Nilimsikia kabla ya kumwona. Wimbo ulikuwa mwepesi, wa kuzunguka, na uliingiwa na makosa ambayo zamani yangemfanya alale bila kula. Nikasimama mlangoni. Akina mama wachache walikuwa wanaimba, na yeye alikuwa mbele ya kinanda kidogo, miguu peku. Mbele yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kinara wala karatasi. Uso wake ulikuwa umeinuka, umewaelekea wale wanawake, na ulikuwa unacheka. Sikuwahi kuyaona meno yake ya juu, na niliushonea mwili wake nguo miaka yote ile.

Walipomaliza na kutawanyika nikamsalimia. Aliijua sauti yangu papo hapo, akanivuta mkono nikae.

«Mama, karatasi iko wapi?»

«Karatasi ya kufanya nini?» Alicheka. «Fundi, sioni watu tena. Naketi pale, mbele yangu iko ukungu tu na sauti zinatoka ndani. Hakuna macho. Siogopi hata kidogo. Wimbo inakuja yenyewe, kama haikuje naiacha.»

Maneno yangu yote ya njiani yakaniishia. Nilikuwa nimekuja kumrudishia karatasi, na hapa nilimkuta bila karatasi na bila hofu, ana furaha ambayo sikujua anaweza kuwa nayo. Wakimfungua macho watamrudishia na ile mikono baridi. Nilitamani ninyamaze, nisingizie nilikuwa napita. Lakini kumficha nisingeweza, macho ni yake.

«Waganga wako mu hospitali,» nilisema. «Mpaka mwisho ya wiki. Minye nilikuja kukuchukua. Lakini sasa sijui. Wakikutengeneza, utawaona watu tena.»

Alipapasa kinanda, akakizima. Nje binti mmoja alipita akiburuta ndoo.

«Wakati minye nasoma,» aliniuliza, «weye ulikuwa unaangalia wapi?»

«Kichwa yako, nisikose kufunua. Halafu kama nafasi iko, watu.»

«Wako namna gani, wakiimba?»

Nikamweleza. Nikamwambia wale wa sauti ya tatu wanafumba macho wote kwa pamoja kama wameamriwa. Kwamba baba mmoja wa sauti nzito akifika noti ya chini anaingiza kidevu shingoni hadi shingo inapotea. Kwamba maestro anaimba sauti zote nne kwa midomo bila kutoa hata moja, na suruali yake inashuka, na nimemwambia mara ngapi aniletee niipunguze kiuno. Nikamwambia kuna mjane wa safu ya nyuma ambaye kila kinanda kilipoingia alimtazama yeye, Mama, na kutikisa kichwa kumshukuru, kila Jumapili. Alisikiliza mdomo wazi. Alinifanya nirudie ya mjane.

«Kila siku ya misa?»

«Kila siku, Mama.»

«Na minye niko mu karatasi.» Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. «Miaka yote ile wameimba mbele yangu, Fundi. Sijaona hata mumoja.»

Machozi yalikuwa yananitoka na nilishukuru kwamba hayaoni.

«Utaogopa, Mama,» nilimwambia mwishowe.

«Nitaogopa sana.» Alianza kutafuta viatu vyake sakafuni kwa mguu. «Moto yako iko hapo inje?»

«Iko.»

«Mwambie aningoje. Nivae viatu.»